Mchanga Mbichi Chini ya Mwamba

Ijumaa, Murabba, Riyadh

Mutua, mwenzangu wa kupanda miamba, bado hajajibu ujumbe wangu. Amenuna, nami sipati usingizi.

Wiki nzima naendesha gari la bosi nikiuwaza ule mwamba wa jangwani: kuingiza ngumi ndani ya ufa, kuikaza, kujivuta juu. Ijumaa ndiyo siku yangu pekee ya mapumziko.

Leo kwenye ufa wa kwanza tulimkuta bundi na makinda yake. Nikasema tumwachie ufa wake, na Mutua hakubisha hata kidogo. Kwao Kitui bundi ni mkosi, akarudi nyuma mbio.

Shida ikawa ufa wa pili. Mvua ilinyesha juzi, na jiwe la mchanga likilowa hubaki laini ndani hata uso wake ukikauka. Nikachimba kwa vidole chini ya mwamba. Mchanga ulikuwa mbichi, basi na jiwe halijakauka ndani.

"Halas, basi, turudi," nikasema.

"Bundi sawa. Sasa na mchanga pia? Shika hii mwamba uone, imekauka kabisa!"

Nikaushika. Ulikuwa mkavu kweli. Tukarudi Riyadh, tepu za kukinga ngumi bado mikononi.

Kesho alfajiri nampeleka madam, mke wa bosi, Jeddah. Mutua analinda geti usiku tu, kwa hiyo mchana atarudi pale na yeyote mwenye gari. Namjua. Jiwe likimegukia mkononi mwake huko juu...

Nilitia mchanga kidogo mfukoni, nimwonyeshe ubishi ukizidi. Nimeutoa sasa hivi.

Umekauka mfukoni; sina tena cha kumwonyesha. Unapita katikati ya vidole kama unga.