Kasha la Mashine ya Damu

Dada mpenzi,

Hujambo na watoto? Nimesikia goti linakusumbua, pole sana. Huku kazi yangu imekubaliwa: kasha la nje la mashine ya kupima damu. Miezi minane nimelichora na kulichora upya. Pembe nimeziviringa zisishike uchafu, na mlango unafungwa kwa kiwiko, maana mpimaji huwa na damu kwenye glavu.

Jumatatu tulilijaribu maabara. Ilitakiwa damu ya mtu, nikajitolea. Mpimaji, mama mmoja mcheshi, akanitania, “Leo mganga anajiganga!”

Majibu yalipotoka akapima tena, kisha akaniuliza taratibu, “Una ndugu hapa mjini?”

Nikamjibu ninao. Nilidanganya, dada. Tangu mke wangu aondoke, sina hata wa kuniambia pole na kazi.

Daktari anasema ni ugonjwa wa damu. Unatibika, ila nitalazwa wiki ijayo, na ametaka nije na mtu wangu. Najua tangu msiba wa baba hatusemezani, na kosa lilikuwa langu. Nisamehe. Naomba uje.

Ni mimi, mdogo wako,
Kitindamimba