Noti Ishirini na Moja Mgongoni

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama haumsumbui tena kama nilivyomwacha. Mimi mwilini sina neno. Natembea, napumua, hata mafua sijaugua. Roho ndiyo haitulii, na huu ni mwanzo wa nne wa barua, mitatu nimeichana.

Nakuomba kitu kimoja kabla hujamfokea dereva: soma mpaka mwisho. Mashine ya kudarizi imo juu ya lori lake, ndani ya kasha la mbao, nzima, pamoja na sindano zake zote. Najua amesimama mlangoni na anakataa kuishusha mpaka umlipe. Ndivyo tulivyopatana. Mkaribishe kiti, mpe maji. Yeye hana kosa, mwenye kosa ni mimi, na kosa lenyewe nitalifikia, ila nikilianza sasa hivi utaikunja karatasi na kuitia jikoni. Nakujua.

Unakumbuka ulivyozipiga pasi zile noti? Muuzaji wa mashine alikwishatuambia kwamba anataka dola za mia mia, mpya, zisizo na mkunjo wala alama ya kalamu, kwa sababu huku noti iliyokunjwa haipokelewi hata bure. Wewe ukazinyoosha zote ishirini na moja juu ya kitambaa kama kola za wanafunzi, ukazilaza katikati ya vipande viwili vya boksi la sweta, ukanifunga mgongoni chini ya shati. Ukacheka kwamba sasa natembea kama mwalimu mkuu. Kisha ukaacha kucheka, ukaniambia kwamba hizo ndizo pesa zako zote za miaka sita, na ukanipa amri tatu: nisibadilishe hata moja kabla ya kumwona muuzaji, nisimwonyeshe mtu yeyote, na nikiulizwa niseme sina. Mimi ambaye tangu utoto nikitumwa chumvi naleta sukari, safari hii nilishika amri zote tatu.

Nilipofika, muuzaji hakuwepo. Yule mama mshonaji alikuwa amekwenda kumtunza binti yake aliyejifungua, akaacha ujumbe kwamba nimsubiri. Nikapanga kitanda kwenye gesti moja nyuma ya soko, chumba cha vitanda viwili, bafu uani. Nikaanza kusubiri, na kusubiri ndicho kitu nisichokiweza.

Dada, huku kadi ya benki ni ya kupakulia chumvi. Mashine ya kutolea pesa pale benki kuu imefunikwa gunia, na gunia lenyewe limeota vumbi. Watu wenye akiba zao halali wanakaa kwenye ngazi tangu alfajiri na vikaratasi vya namba, na kila siku wanaitwa wachache, wanapewa kidogo, wengine wanaambiwa kesho. Kila kitu ni taslimu. Wabadilishaji wanasimama pembeni mwa soko na mifuko ya plastiki iliyojaa noti za hapa, maana mkate mmoja unalipiwa burungutu zima. Bei ya dola unayoiacha asubuhi siyo utakayoikuta mchana. Na ukitoa mia moja ukabadilisha, kabla hujavuka barabara mtaa mzima umeshajua wewe ni nani na umelala wapi.

Vijisenti nilivyobadilisha mpakani viliisha siku ya nne. Nikawa nalala njaa na dola elfu mbili na mia moja mgongoni. Nalala kifudifudi, nageuka, nazipapasa, naamka, nazipapasa tena. Mchana natembea bila mahali pa kwenda, kwa kuwa nikikaa chumbani naziwaza, na nikiwa nje naona kila mtu ananitazama mgongo.

Aliyeniokoa na njaa ni mwenzangu wa chumba. Ni fundi saa, mtu mzima, mpole, ametoka mji wa mbali huko ndani kuja kutoa akiba yake, kwani tawi la benki la kwao limefungwa. Namba yake ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Alikuja na sanduku lake la vifaa, akawa anatengeneza saa za watu pale kwenye ngazi za benki ili apate chakula wakati akisubiri kuitwa. Huyo ndiye aliyenifundisha kuishi hapa. Pesa ndogo za matumizi mfuko wa mbele, za akiba kwenye soksi, na mtu asihesabu huku anatembea. Mbadilishaji akishakuhesabia mara mbili, halafu akaliomba burungutu alihesabu mara ya tatu, uweke mkono juu yake usimpe, maana hapo ndipo noti zinapopunguka. Aliyasema haya huku akinikatia nusu ya mkate wake kila asubuhi, na akaniita mdogo wake kuanzia siku ya kwanza.

Jumatatu mchana utingo wa basi la kwao akamletea habari. Binti yake mdogo alikuwa amelazwa, tumbo, anatakiwa kupasuliwa, na hospitali haitamgusa mpaka iwekwe dola mia tatu, mwisho kesho yake. Fundi akaketi kitandani kwake akanitazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningeweza kumsaidia hizo mia tatu mpaka Alhamisi, siku ambayo benki ilisema itafika namba yake. Angeniachia kitabu chake cha benki na sanduku lake la vifaa kama rehani.

Nikamwambia sina.

Sikubabaika hata kidogo, dada. Nikaongeza chumvi, nikasema na mimi nimekwama, namsubiri dada yangu anitumie chochote. Noti zilikuwa zinanichoma mgongo, mimi nimekaa wima namtazama machoni. Akaniomba radhi kwa kunisumbua. Akabeba sanduku lake, akaenda nalo kwa mnunuzi wa vitu vilivyotumika, akarudi mikono mitupu, mia tatu zimepatikana. Kabla hajakimbilia basi, aliweka kitandani kwangu kifurushi cha noti ndogo ndogo za hapa, akasema ninunue mkate mpaka pesa zangu zitakapofika.

Mkate nilinunua, na niliula wote. Nakuambia kwa sababu najua ungeniuliza.

Jumatano muuzaji akarejea. Alizikagua noti moja moja dirishani, akazivuta, akazinusa, akazipitishia kidole pembeni, nusu saa nzima. Akauliza ni nani aliyezinyoosha vizuri hivyo. Nikasema ni dada yangu, fundi wa nguo. Akasema basi mashine yake inakwenda kwa mtu anayestahili. Akachukua noti kumi na saba, akanionyesha namna ya kutia mafuta, akaipigapiga mashine mgongoni kama anaagana na ng'ombe. Nilitakiwa kurukaruka kwa furaha. Zilibaki noti nne, za kasha, ushuru wa mpakani, lori na nauli yangu, kama ulivyopiga hesabu mwenyewe.

Alhamisi fundi akarudi. Binti amepasuliwa, yu hai, ameshaomba uji. Nikamshukuru Mungu. Lakini benki ilifika namba mia tatu na tisini, ikafunga mlango, ikasema waliobaki waje mwezi ujao. Yule mnunuzi alikuwa amekubali kumwekea sanduku mpaka Jumamosi tu. Baada ya hapo analiuza, na mteja alikwisha kuja kulitazama. Fundi alinieleza haya huku anacheka, kama anasimulia mkasa wa jirani. Bila vifaa vile atarudi kwao kufanya nini? Miaka ishirini na mitatu mikono yake haijui kazi nyingine. Mimi nikashindwa kukaa. Nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Nililizunguka soko hadi wabadilishaji wakaanza kuniuliza nauza nini.

Ijumaa asubuhi nikamwambia kweli. Nilivua shati, nikafungua kitambaa, nikaweka lile boksi kitandani mbele yake na noti nne zilizobaki ndani. Nikamwambia kwamba Jumatatu zilikuwa ishirini na moja.

Hakushtuka. Akasema alijua tangu siku ya pili. Akasema siku zote hizo hajawahi kuniona nikiegemea kiti, wala ukuta, wala mto, na mtu asiyekuwa na kitu huegemea popote. Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliniomba pesa, kisha akaniomba radhi. Akajibu kwamba pesa aliomba kwa sababu mzazi mwenye mtoto hospitali hubisha hodi hata kwenye mlango aliouona umefungwa kwa kufuli. Na radhi aliomba kwa kuwa alifahamu pesa si zangu, maana mtu mwenye pesa zake hakubali kulala njaa. Nikamuuliza habari ya zile noti ndogo. Akasema aliona wazi kwamba nina kubwa tu na naogopa kuzivunja, akaona asiniache hivyo.

Nililia, dada. Mtu mzima na ndevu zangu, nililia mbele ya mwanamume mwenzangu.

Nikamsukumia noti tatu akalikomboe sanduku. Akazirudisha. Akasema mwenye pesa si mimi, ni wewe, na yeye hachukui cha mtu ambaye hajaulizwa. Nikupigie simu. Ukikubali atapokea na atalipa. Ukikataa nizirudishe mgongoni kwangu, na undugu wetu uko palepale. Nikaenda kwenye kibanda cha simu, nikasimama pale tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa mchana. Mtandao haukurudi. Mwenye kibanda akaniambia labda Jumatatu. Jumamosi ilikuwa kesho yake.

Sasa ndiyo nimefika kwenye kosa.

Nilirudi chumbani nikamwambia nimekupata. Nikamwambia umekubali. Sikuishia hapo, nikakutilia na maneno mdomoni, nikasema umesema mtoto apone kwanza, mengine yatafuata. Fundi akasimama wima. Akaniuliza jina lako kamili, akaliandika nyuma ya karatasi yake ya benki, na chini yake deni la dola mia tatu, akaniomba nimsomee kama amelipatia. Jana Jumamosi tulikwenda pamoja kulikomboa sanduku. Alipiga magoti sokoni palepale, akahesabu bisibisi zake moja moja, na lenzi, na vikoleo, zote zimo.

Noti ya nne imelipia kasha na ushuru. Ya lori sina, na safari hii ni kweli. Ndiyo maana dereva anakudai mia mbili. Najua hizo ndizo ulizoweka za nyuzi, na shule zinafunguliwa, na nembo za sweta hazijishoni. Mimi nitakuja na lori lijalo, nimepatana nao kupakia na kupakua mizigo badala ya nauli. Nikifika nitakaa kwenye mashine hiyo bila mshahara mpaka useme basi. Nitukane vyovyote utakavyo, sitajibu.

Lakini dada, yale ya Jumatatu siwezi kuyafuta. Nilisema sina, ilhali ninazo, na yamekwisha kuwa hivyo. Haya ya Ijumaa bado. Nilisema umekubali, na wewe ndiwe unayeweza kuyafanya kweli au uongo. Nakuomba ukubali. Usiponisamehe mimi, si kitu, kubali tu. Mwambie dereva neno hilo kwa mdomo wako. Anarudi huku wiki ijayo, analala kwenye gesti yetu, na fundi atakuwa bado anasubiri namba yake.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Nisalimie shemeji na watoto, na wateja wako wavumilivu. Fundi saa naye anakusalimu sana. Tangu Ijumaa anakutaja kila tunapokula, kama mtu uliyeongea naye.

Wako mtiifu kwa mara chache,
mdogo wako, kitindamimba.