Gauni la Neema

Jumanne, Nengo

Miguu inauma, lakini ulimi ndio umechoka zaidi. Siku nzima nimewatafsiria hawa wageni wasiojua Kiswahili, wanaotengeneza filamu ya vijana waliokimbia vita huko Kongo.

Neema, binti wa miaka kumi na saba, alikuja amesuka nywele, gauni la kuazima limepigwa pasi. Nani hapa kwetu anapigwa picha hivihivi? Mkubwa wao akanigeukia: “Mwambie avae nguo za jana. Hivi haonekani kama ametoka vitani.”

Nikamwambia. Wala sikulainisha.

Neema akaniangalia. “Mama, tulipotezana na kaka yangu. Akiona hii filme, nilitaka aone mi niko muzima.”

Hilo sikulitafsiri. Nilisema tu, “Amekubali.”