Kwa Mjomba Anayecheza Bila Sauti

Chumba cha juu,
Nyumba ya mshona mapazia.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mkaza mjomba, na goti lako liwe limekubali kupanda ngazi za ofisini bila kunung'unika. Mimi huku ni mzima wa kujikongoja. Nakula, nalala, naamka kabla sijamaliza kulala. Tangu ofisi yetu ya maji ibadilishe mita, kila mwenye bili anakuja dirishani kwangu na kunikodolea macho kana kwamba maji yake nimeyanywa mimi. Mkuu wa makarani, yule tunayemwita Mama Mhuri, hupita nyuma ya kiti changu bila kusema neno, na neno hilo asilolisema ndilo linalonichosha kuliko kelele za wateja.

Najua hukunitumia ujumbe ili usikie habari za mita. Uliuliza, "Mpwa, mbona kioo kilizima ghafla? Mwanangu alisema nini?" Ukauliza tena, na tena. Unisamehe kwa kukaa kimya wiki nzima. Haikuwa dharau. Ningekujibu kwa ujumbe wa simu, ungenipigia; ungenipigia, ningeropoka; na ningeropoka, ungempigia yeye papo hapo. Karatasi haina mtu wa kuikatiza. Tena ni wewe mwenyewe usemaye kwamba jambo la kufundishwa huandikwa na kubandikwa ukutani. Basi nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanyanyua simu.

Tukumbushane tulipoanzia, ili nisije nikalaumiwa baadaye. Tangu siku mliyokosana mbele ya wanafunzi wa udereva, na binamu yangu akabeba begi lake akaenda kufanya kazi kwa mwoka mikate, hapokei simu yako, wala ya mama yake akihisi upo karibu. Mahali anapopatikana bila kukosa ni Jumamosi jioni, kwenye gemu ya vikosi, anapojiita Breki na kuwa kapteni wetu: mimi, Fundi Friji na Nesi. Nafasi ya tano ilikuwa wazi. Uliniomba nikuingize humo kwa jina la Mgeni, ukichezea ile kompyuta ya shuleni kwako ya mitihani ya alama za barabarani, isiyo na spika wala kipaza sauti. Ulisema hutaki kuzungumza naye, unataka tu kuwa mahali alipo. Nilikubali kwa woga, maana Breki akiona nimemwingizia baba yake kwa mlango wa uani, angeufunga na huo, nasi wawili tungebaki nje.

Nitaanza na uchezaji wako. Usikasirike. Hata mambo mengine yakinyooka, usipojirekebisha Fundi Friji atadai utolewe, na madai yake yatakuwa ya haki.

Kwanza, punguza kasi ya kipanya. Unageuka kama mlango uliopigwa na upepo. Ukitaka kutazama kushoto unajikuta unatazama ulikotoka. Kwenye mipangilio kuna mstari wa kasi. Uvute nyuma mpaka uone kwamba mkono unatembea mezani ndipo mtu wako anageuka. Na kile kialama cha kulengea kiweke usawa wa kichwa cha mtu. Wewe hukiweka chini, kana kwamba umedondosha funguo unazitafuta.

Pili, acha kujaza risasi kila ukipiga moja. Najua kwako gari halitoki kituoni tangi lisipojaa. Lakini kujaza kunakula muda, na adui hapangi foleni kwenye pampu. Jaza ukiwa nyuma ya ukuta, na tena ikiwa kweli zimepungua.

Jambo kubwa zaidi ni hili la kubadilisha kazi. Mara mlengaji wa mbali, mara mbeba ngao, mara mtega mabomu. Mtaka yote hukosa yote, Mjomba. Kuanzia sasa uwe mponyaji. Hiyo ndiyo kazi yangu ninayoipenda, nakuachia, mimi nitabeba ngao ingawa kusimama mbele kunanitisha hata kwenye picha. Mponyaji hahitaji macho ya ujana. Mwanga wake wa kuponyea humfuata yule aliyemwelekezea. Kinachotakiwa ni kukaa nyuma ya mwenye ngao, karibu na ukuta, na kutazama afya za wenzako kuliko kutazama maadui. Ule mstari wa kijani juu ya kichwa cha mtu ukifupika, mwelekezee mwanga. Ukirefuka, hamia kwa mwingine. Usisimame kumpungia mkono anayekuponya wewe. Shukrani zimo ndani ya kubaki hai.

Mtu akiangukia katikati ya uwanja, usimkimbilie. Hili limekushinda kabisa. Unatoka mbio ukiacha kila kitu, na badala ya maiti moja tunapata mbili. Aliyeanguka atarudi mwenyewe baada ya muda mfupi, mchezo ndivyo ulivyo. Vilevile, mkibaki wawili dhidi ya watano, rudini nyuma mkawangoje wenzenu. Kufa peke yako kishujaa hakuna pointi. Na adui anayekimbia mwache akimbie. Kazi yetu ni kukikalia kituo, siyo kumsindikiza mtu kwao.

Kwa kuwa husikii, itazame ile ramani ndogo ya pembeni. Duara la njano maana yake mwenzako anakuita. Duara jekundu maana yake ameona adui. Jumamosi ile kioo kilipozima, Nesi alikuwekea duara la njano miguuni pako mpaka akachoka, nawe ukalizunguka kama dimbwi.

Tulipokukaribisha siku ya kwanza, Nesi alicheka akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpeni bunduki." Jumamosi ile ndiyo ilikuwa ya tatu. Sasa nakueleza ambayo hukuyasikia.

Unaikumbuka ile ramani ya mji wenye barabara pana na kituo chetu ng'ambo ya pili. Tulikuwa tumelingana. Breki akaanguka, Fundi akafuata, halafu mimi, halafu Nesi. Huenda hili hulijui: ukishaanguka, mpaka urudi, kioo chako hukuonyesha kile anachokiona mwenzako aliyebaki hai. Aliyebaki ni wewe. Kwa hiyo sote wanne tulikuwa tunatazama kupitia macho yako.

Ulifika ukingoni mwa barabara ukasimama. Ukatazama kulia. Ukatazama kushoto. Ukatazama kulia tena.

"Huyu anamngoja nani, trafiki?" akasema Fundi.

"Mgeni wetu mstaarabu," Nesi akasema. "Vuka baba, leo hakuna foleni."

Hapo akatokea adui upande wa kulia, anakimbia kuelekea kituoni kwetu. Alikupita mbele ya pua, mgongo wote wazi, na bunduki ilikuwa mkononi mwako. Wewe ukarudi nyuma hatua moja, ukangoja apite, ndipo ukavuka.

"Amempisha," Fundi akasema, kama mtu aliyeona jini. "Jamani, amempisha adui."

"Si ametokea kulia?" Nesi alicheka mpaka akapaliwa. "Mwenye kutokea kulia ana haki."

Yule uliyempisha akakikalia kituo, tukashindwa. Fundi akasema, "Kapteni, huyu mpe nauli arudi kwao. Mtu mzuri, lakini tutazeeka hatujashinda."

"Karani," Breki akaniita, bila kucheka. "Huyu mgeni umemtoa wapi?"

"Ni mtu ninayemfahamu."

"Kijana?"

"Mtu mzima."

"Mzima kiasi gani?"

Nikawa natazama ukuta wa chumba changu kama mwanafunzi aliyesahau jibu. Nesi akaniokoa kidogo: "Mwache mtoto wa watu, husikii sauti inavyomtetemeka?"

Ndipo Breki akasema, polepole, "Kulia, kushoto, kulia tena. Ukiwa na shaka, subiri."

"Hiyo ni dua?" Fundi akauliza.

"Niliambiwa niiseme kila asubuhi ndipo nipewe chai. Nilikuwa sijajua hata kuandika jina langu."

Kisha akafunga chumba cha mchezo, sote tukatolewa. Ndiyo sababu kioo chako kilizima. Kompyuta yako haina kosa, usimwite fundi.

Nilijua tumekwisha. Wiki hiyo nilifanya kazi kama mtu mwenye homa. Nilimwandikia binamu ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine mfupi zaidi: "Upo?" Hakujibu. Mteja mmoja alinilipa nikampa risiti ya jirani yake, Mama Mhuri akaiona, akaichukua, akaisahihisha mwenyewe bila kusema neno. Ningependelea angenigombeza.

Ijumaa mchana simu ikatikisika mfukoni. Nilikuwa dirishani, sikuthubutu kuipokea. Wakati wa mapumziko nilijificha kwenye stoo ya mita mbovu, katikati ya mabomba yenye kutu, nikampigia binamu. Nyuma yake ilisikika ile mashine ya kukandia unga. Bado yupo kwa mwoka mikate.

"Amekutuma?" akaniuliza bila salamu.

"Ameniomba."

"Yule haombi. Yule hutuma."

"Safari hii aliomba, binamu. Tena kwa kunong'ona. Nilidhani simu imeharibika."

Mashine ikazunguka weee.

"Alinitukana mbele ya watu niliokuwa nawafundisha," akasema. "Kwamba hata mkokoteni nisingeuweza. Mbele ya watu wangu, Karani. Halafu yeye anampisha adui."

Hapo alitoa pumzi puani. Sitaki kukudanganya kwamba alicheka. Nilikuwa stoo, mabomba yanaleta mwangwi, na mimi hupenda kusikia kile ninachokitaka. Lakini maneno yaliyofuata niliyaandika kiganjani kwa kalamu ya ofisi, kwa hiyo nayanukuu yalivyo: "Mgeni abaki. Ila atafute hedifoni zisizo na kipaza sauti. Nimemsikiliza tangu nizaliwe. Sasa aje asikilize yeye. Akishasikiliza vya kutosha, mambo ya kipaza sauti tutayaona."

Nikauliza vya kutosha ni kiasi gani. Akasema unga wake umeumuka, akakata.

Mjomba, ndiyo habari yote. Sijui kama umeipokea kwa furaha au kwa hasira. Nakufahamu, na najua mkono wako sasa hivi umeshaielekea simu. Tafadhali, usimpigie kumshukuru. Usimpigie kumweleza kwamba lile neno la mkokoteni lilikuwa la utani. Usimtume mchungaji wala yule mwalimu wake wa zamani. Na usiazime hedifoni za jirani zenye kipaza sauti ukajiambia kwamba hutakigusa, utakigusa. Wewe ni mwalimu wa udereva, umekaa kiti cha kushoto maisha yako yote ukiwaambia watu wageukie wapi. Sikulaumu kwa hilo. Nakuomba tu usikilize.

Jana Jumamosi tulipumzika kwa sababu Nesi alikuwa na zamu ya jioni hospitalini. Tunakutana Jumamosi ijayo, jua likiwa bado halijazama. Ingia mapema, chagua mponyaji, kaa nyuma ya ngao yangu. Breki akisema, "Mgeni, kushoto," nenda kushoto, hata kama unaona kulia ndiko salama. Akisema, "Simama," simama. Barabara vuka mbio; humo hamna magari. Na kuna wakati atakukaripia. Atakukaripia mbele ya Fundi na Nesi, kwa sauti kubwa, na maneno mengine utayatambua, kwa sababu ni yako. Hapo usizime kompyuta. Nakuomba sana, Mjomba. Usizime. Mwelekezee mwanga uendelee.

Mimi baada ya hapo naomba nisiwe mjumbe tena. Nimechoka. Nilijiunga na gemu hiyo ili nipumzishe kichwa baada ya dirisha la bili, sasa imekuwa dirisha la pili. Mkianza kusemeshana, nitafurahi kuwa mtu wa ngao tu, nipigwe risasi bila mawazo.

Nisalimie bibi, mwambie miwani yake imepatikana, nitaileta mwenyewe. Nisalimie yule mkaguzi wa magari jirani yenu, na wanafunzi wako wote waliofaulu na wasiofaulu. Mkaza mjomba msalimie kwa namna ya pekee. Hedifoni zile ndogo za waya huwa na masikio mawili. Moja mvalishe yeye, mkae karibu, na mwambie asilie kwa sauti, ingawa kule hakuna atakayemsikia.

Mungu awape uzima na akupe, wewe Mjomba, ulimi mzito kwa muda.

Ni mimi mpwa wako, akupendaye hata akiwa hoi,

Karani