Kamba Uliyosokota na Vinywele vya Bakteria

Mpendwa Mama Mwende,

Natangaza rasmi, kwako na kwa wote watakaosomewa barua hii huko kwenu Kabati, kwamba kuku wetu mwekundu ameacha kutagia jikoni, amehamia ndani ya kiondo ambacho hukumaliza kusuka. Sijamfukuza.

Habari ya pili ni ndogo zaidi, haionekani kwa macho. Pale maabara ya hospitali ninapofagia, mtu wa darubini alitupa majarida ya zamani, nikaokota moja. Kurasa nne zimenila mwezi mzima na kamusi, lakini nimemjua aliyekuwa akikuchoma ukienda haja ndogo, akitulia ukimeza vidonge, kisha anarudi. Ni bakteria mwenye vinywele. Kwa vinywele hivyo anashika ukuta wa kibofu, mkojo unapita, yeye habebwi.

Kinywele chenyewe ni protini nyingi zilizosokotwa. Nilipoona mchoro nikamwambia mtu wa darubini, hii naijua, mke wangu anaisokota juu ya paja. Ulikuwa ukikaa mlangoni na katani, ukiongeza nyuzi upande wa mkono wako, ncha ya kwanza ikizidi kwenda mbali. Bakteria naye anaongezea shinani, ncha inasukumwa nje. Mimi nilikuwa nikikutazama tu mpaka unasema, "Baba Mwende, unaniangalia kama ng'ombe aliyekuta kisima kimekauka. Leta katani."

Jambo moja halikuwa kwa paja lako. Kila kipande cha protini kina pengo ubavuni, na kikiachwa peke yake kinaharibika. Kwa hiyo kuna protini nyingine ambayo kazi yake ni kukisindikiza. Inaziba lile pengo, inakifikisha kwenye tundu la kutokea, inakikabidhi kwa wenzake, inarudi kuchukua kingine. Niliposoma hapo nilifunga jarida, nikafagia chumba ambacho nilikuwa nimeshafagia.

Asubuhi ile uliyoondoka, mama yangu alisema, "Mke wa kuugua kila mwezi akaugulie kwao." Ukanitazama. Mimi nikashika kutengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umevunjika. Hapa kwetu hata mtu aliyekuja kuomba chumvi anasindikizwa mpaka njiani. Wewe ulibeba Mwende mgongoni na sanduku kichwani, ukafika stendi ya Kathonzweni bila mtu.

Nimemweleza mama habari za vinywele. Akauliza, "Na hao wadudu, nani aliwapa nafasi ya kurudi kila mara?" Mama huyu hakwenda shule, lakini aliuliza swali ambalo nilikuwa nikilizunguka kwa kurasa nne. Nikamjibu, na wewe nakujibu.

Nitakuja Jumamosi. Usiponisindikiza wakati wa kurudi, sitalalamika.

Vile vidonge vilikuwa vya siku saba. Siku ya tatu nilikuambia umepona, vilivyobaki tuviwekee kiangazi.

Ni mimi,
Baba Mwende