Pumzi Nne za Mzee Langat

Kiptere, Alhamisi asubuhi

Mjukuu wangu Achieng,

Wengi hukosea hapa: humwambia mgonjwa kwamba wanahesabu pumzi zake. Nawe jana, kutoka huko kisiwani, ulimwambia hivyo mwenyeji wangu kwenye simu ya video, ulipomfanyia zoezi la mtihani wako. Mzee Langat alikuwa amevaa suti ya kanisani kwa heshima ya "daktari wa ziwani". Aliposikia anahesabiwa, akabana pumzi kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Ukapata nne kwa dakika, ukapiga kelele nimkimbize hospitali!

Mkewe alicheka hadi akamwaga maziwa ya mursik. "Wewe mzee, utaangusha mtoto wa watu mtihani!"

"Nilikuwa nakaa vizuri, asinione nahema kama ng'ombe."

Sasa hivi anachuma chai kwenye manyunyu, mzima kabisa. Lakini chuo kinachowafundisha udaktari kwa simu ninyi wa visiwani hakikuona ile suti. Ukikipelekea hizo nne jioni hii, umeanguka mtihani.

Kadi hii naipiga picha nikutumie, maana posta ingechelewa. Nakupenda, daktari wangu. Mpigie tena saa nane, mwambie ajishike kifundo cha mkono ahesabu mapigo ya moyo wake, nawe uhesabu kimyakimya kifua chake kinapanda mara ngapi.

Babu