Korongo la Karibu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua chako kimetulia sasa baridi imepungua. Mama Mdogo naye magoti yake yanasemaje? Sisi huku tunapumua. Mjukuu wako anakimbia, anauma hata mguu wa meza, na anajibu watu kwa lugha tatu, zote kwa makosa. Nakuandikia nikiwa nimembeba mgongoni, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka kama njia zetu, usinicheke.

Barua yako aliniletea muuza chumvi. Ni ya kwanza tangu niolewe kwa watu wa huku, nami niliibusu kabla ya kuifungua. Nilipoisoma nikakaa chini. Unasema chemchemi imewekewa kizuizi, askari wanawarudisha wanawake na madumu yao, na sasa mnateka maji mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda tu. Unasema viazi vinakwenda sokoni na udongo wake, na sufu haioshwi. Hilo nalijua, maana hata huku wafumaji wamekaa mikono magotini. Na unasema yule mchunga kondoo wa juu, tunayemwita Mzee Blanketi, ndiye aliyewauzia wapimaji wa mpaka chemchemi yenu, na kwamba alipokuja kwako ulimfungia mlango.

Baba, nisome mpaka mwisho.

Wapimaji hao walipofika kupima mpaka wa kwenu na kwetu walilala kwenye darasa la shule, wakaniajiri niwapikie. Waliposikia najua lugha yako niliyozaliwa nayo, ya mume wangu, na ya wachungaji niliyoiokota sokoni nikibishania bei ya sufu, wakanifanya mkalimani pia, mshahara uleule. Walikuwa na karani mwenye fomu ndefu, anataka kuuandika mlima mzima: nani analima nini, nani anafuga, nani anasema lugha gani. Nikamweleza kwamba wa juu wana kondoo lakini hawana hata kiazi kimoja, nyinyi mna viazi na maji ya kuoshea sufu, sisi tunafuma, na blanketi moja hupita mikono ya watu wa lugha tatu kabla halijamfunika mtu. Nikamwambia tunatukanana kwa lugha tatu na kupatana kwa bei moja. Alicheka sana. Akauliza mwanangu ni kabila gani. Nikasema mguu wa kulia ni wa babake, wa kushoto ni wangu. Akasema fomu ina kisanduku kimoja tu. Kisha akauliza nina watoto wangapi, nikasema wawili. Akatazama huku na huku, akamwona mmoja. Sikumweleza. Huku bado wananiita Mama Pacha, nami sijamkataza mtu.

Yule mwingine wewe unamjua kwa kusikia tu. Kifua kilimbana msimu wa ukungu, tukamkimbiza zahanati ya upande wenu, akanifia mgongoni hatua chache baada ya kuipita chemchemi. Kwetu ni mwamba mtupu. Pale udongo ni laini, mume wangu akachimba palepale. Tulikutumia habari. Hukuja. Siandiki leo kukulaumu kwa hilo, lakini hukuja.

Sasa sikia nilichofanya. Siku ya kupima ukungu ulikuwa mzito, huoni hata kiganja chako. Mpimaji mkuu akauliza mpaka wa zamani unapita wapi. Mzee Blanketi akajibu kwa lugha yake, taratibu, mara mbili, kwamba kutoka jiwe kubwa unashuka na korongo la karibu. Mimi nikamgeukia mpimaji nikasema: korongo la mbali, lile la upande wenu. Katikati ya makorongo hayo mawili iko chemchemi yenu, na yuko mwanangu. Wallahi Baba, maji sikuyawaza. Nilimwaza askari akiniuliza kibali ninapokwenda kung'oa majani juu ya mtoto wangu.

Mzee hakuuza kitu. Mimi ndiye.

Nimekaa na jambo hili miezi minne. Soko lililopita nilimwona amesimama na sufu yake, watu wanampita kama nguzo. Kwenu anaitwa msaliti. Kwetu wanampongeza, nadhani hiyo inamuuma zaidi. Nikashindwa hata kununua sabuni niliyoifuata.

Juzi mpimaji mkuu alirudi kumwaga zege kwenye alama. Nilimfuata nikamwambia mbele ya askari wake na karani. Alifoka kwamba miaka yote ya kazi hajawahi kudanganywa na mpishi. Kazi imekwisha, Baba, na huenda nikaitwa kujieleza. Ila wanapima upya, na safari hii wametafuta mkalimani mwingine.

Nikapanda kwa Mzee. Nilipiga magoti, akaniambia niinuke, majani yana umande, nitamlowesha mtoto. Akasema alijua tangu asubuhi ya pili, alipoona vigingi vilipopigwa, maana kila siku huwaepusha kondoo wake wasikanyage pale alipolala mwanangu. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema alitaka nikaseme mwenyewe, ila nilichelewa kidogo. Akampa mtoto kipande cha sufu achezee.

Kwa hiyo chemchemi inarudi kwenu, na mwanangu anakwenda nayo. Kwa watu wa huku kizuizi kitafunguliwa Alhamisi tu, tena kwa kibali. Alhamisi nitakuja mimi. Siku sita nyingine ni zako, Baba, na usiniambie huna nafasi. Ukishateka maji geuka kushoto, utaona mawe matano meupe. Ng'oa majani kwa mkono, jembe usitie, yuko juu juu. Umsemeshe kwa lugha yetu, ndiyo niliyokuwa nikimbembelezea.

Na Mzee akipita, mfungulie mlango.

Mama Mdogo mwambie sufu aliyoniahidi naisubiri, na majirani wote wape salamu zangu, hata wale watakaokataa kuzipokea wakishasikia. Mume wangu anakuamkia. Mjukuu wako ameamka anavuta kalamu, niishie hapa.

Ni mimi binti yako,
Mama Pacha